Majina Kumi na Tisa Kwenye Duara

Habari ya kifo cha Mama Kinue ilinikuta kibarazani nikichambua dagaa. Aliyeiandika ni binti wa kaka yake, huko Japani, na nadhani simu ilimsaidia kutafsiri, maana Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, kama cha tangazo la benki. "Shangazi amefariki Jumanne asubuhi akiwa usingizini. Alikuwa mzee sana. Aliniomba niwajulishe watu wa meza." Watu wa meza ni sisi, wanawake tuliokuwa tunakata samaki meza moja kwenye kiwanda kimoja hapa Mwanza, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Niliosha mikono, nikausoma tena ule ujumbe, nikawatumia wote ambao namba zao bado ninazo. Haikupita saa moja Holo, binti wa mwenzetu mmoja wa meza, akapiga.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona habari?"

"Nimeiona. Wamama wanataka tukutane kwangu Jumamosi, tunywe chai, tumkumbuke. Nimewaambia waje, nyumba ni yenu. Wanasema wewe ndiye utakayesema neno, maana ulikuwa karibu naye. Ila mimi msinitegemee kulia. Yule bibi ndiye aliyemwandika mama wa kwanza kwenye ile orodha."

Nikamwambia, "Sawa, Holo." Hiyo sawa nimekuwa nikimjibu tangu akiwa binti wa shule. Na si kweli. Mama Kinue hakumwandika mama yake Holo popote. Aliyemwandika ni mimi, Kabula, na wanaolijua hilo walikuwa wawili, sasa nimebaki peke yangu. Kuanzia simu ile mpaka Jumamosi zilikuwa siku nne, na katika siku hizo nne nililitoa daftari langu la mwaka ule nikalisoma lote, ili nijue kabla ya kufungua mdomo kama nakumbuka sawasawa au najitengenezea. Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na tabia ya kuandika kila siku niliipata kwa sababu tu ya kuogopa kusahau. Kwa hiyo panapokuwa na maneno ya daftari nitayafuata, na pasipokuwepo nitasema hayapo.

Chumba cha kukatia samaki kilikuwa kirefu, cheupe, na baridi yake haikufanana na baridi yoyote ya Mwanza. Nje jua linachoma mawe, ndani tunatetemeka. Tulisimama kumi kumi kila upande wa meza ya bati, sangara wanakuja kwenye kreti za barafu, sisi tunatoa minofu, na yale mabaki ya kichwa na mifupa, mapanki, yanasukumwa mwisho wa meza na kutoka kwa dirisha dogo kwenda kwa wakaangaji wa mtaani. Minofu ilipanda ndege. Sisi tulikula mapanki, na sisemi hivyo kwa kulalamika, yalikuwa matamu. Kilichotuumiza ni mikono. Glavu tulizopewa zilikuwa nyembamba, zikitoboka unasubiri mwezi uishe, na maji ya barafu yakiingia vidole vinakufa ganzi. Kidole kilichokufa ganzi hakijui kisu kiko wapi. Wote tulikuwa vibarua. Ukijikata vibaya unatoka, na kesho yake mwingine amesimama mahali pako. Msimamizi wetu alikuwa kaka mmoja anaitwa Deo. Ni lazima niseme kwamba Deo hakuwa mtu mbaya. Siku Rehema alipojikata kiganja mpaka ukaonekana weupe wa ndani, Deo ndiye aliyembeba mikononi hadi barabarani, damu ikamchafua shati. Na Deo huyohuyo ndiye aliyemweka mwingine mahali pa Rehema asubuhi iliyofuata. Yote mawili yamo kwenye daftari, ukurasa mmoja.

Mama Kinue tulimkuta nje ya lango, kwenye benchi la mama ntilie wetu, amekaa na kikombe cha chai ya tangawizi kama mtu aliyezaliwa hapo. Alikuwa mfupi, nywele nyeupe amezikata kama za mwanafunzi, na umri wake ulishapita sitini. Alikuwa ameletwa Mwanza na kikundi cha kufundisha ushonaji. Wenzake walipomaliza mwaka na kurudi kwao, yeye akapanga chumba Mkuyuni. Siku ile aliniomba mkono wangu, akaugeuza, akavitazama vidole vyote bila haraka, namna mtu anavyosoma barua iliyotoka mbali. Kisha akaomba wa mwenzangu. Nyuma yangu nikasikia wanawake wakinong'ona.

"Huyu naye anatafuta nini?"

"Labda mganga."

"Mganga gani hana hata kibuyu."

"Mwache, atakuambia utaolewa lini."

Mama Holo, aliyekuwa mkubwa wetu pale mezani, ndiye aliyemuuliza kwa adabu. "Mama, unaitwa nani?" Akasema Kinue. "Na Kinue ni mwanao wa kwanza?" Akasema hapana, Kinue ni yeye mwenyewe, mtoto hana. Mama Holo akafikiri. Mtu mzima kuitwa kwa jina lake tupu ilikuwa aibu kwetu, si kwake. "Basi utakuwa mama yake wewe mwenyewe," akasema. "Mama Kinue." Yule bibi akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Tangu siku hiyo hakuitwa vingine.

Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama jiwe kubwa, limesimama karibu kiasi kwamba ungeweza kulishika ukinyoosha mkono. Hakuwa na kitanda. Alilala kwenye godoro jembamba ambalo asubuhi alilikunja. Katikati kulikuwa na meza fupi, na meza ile ilikuwa na kisa chake: fundi seremala wa jirani alikataa kabisa kuitengeneza kwa kipimo alichopewa. "Mama, nikitoa meza ya miguu mifupi hivi watu watasema sijui kazi." Akatengeneza ya kawaida, akalipwa, na Mama Kinue akaikata miguu mwenyewe kwa msumeno wa kuazima. Tulikuwa tukienda kwake Jumapili alasiri, watano, sita, baadaye wengi zaidi, tunakaa chini kuizunguka meza. Alipika wali mlaini na mchuzi wa dagaa usio na nyanya wala kitunguu, na sisi tulileta michembe. Siku ya kwanza alipoionja michembe alisema kwao pia wanakata viazi vitamu na kuvianika juani, na kwamba wakati wa njaa baada ya vita mama yake alikuwa akimpa kipande kimoja asubuhi anyonye polepole. Sijui kwa nini jambo hilo lilitufanya tumwamini kuliko yote aliyowahi kutuambia. Labda ni kwa kuwa alikula vingi.

Maisha yake aliyatoa vipande vipande. Alipokuwa na miaka kumi na tano aliingia kiwanda cha kusokota nyuzi za pamba. Wasichana walilala kiwandani, bweni lilifungwa kwa nje, na barua zao zilisomwa kabla hazijatumwa. Mashine zilipiga kelele kiasi kwamba mtu hasikii sauti yake mwenyewe, basi wakajifunza kusoma midomo. Hapo ndipo alipoanza mashairi. Alitunga kichwani, anamtamkia wa mashine ya pili kwa midomo tu, naye anampa wa tatu, na mpaka kufika mwisho wa chumba shairi limeshabadilika, limekuwa la wote. Baadaye alikuwa mmoja wa walioanzisha mgomo. Alifukuzwa, aliwekwa ndani, alitoka, akafanya kazi viwanda vingine na kufukuzwa tena, na huko kote aliandika. Kwao vitabu vyake vipo, alisema, vyembamba, havinunuliwi sana. Hapa aliandika Kiswahili nyuma ya karatasi za kalenda na kuzining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Nimenakili mawili. Moja linasema:

*Maji ya barafu*
*yananijua vidole vyote kumi.*
*Bosi hajui hata jina.*

Na lingine:

*Mikono arobaini mezani.*
*Kisu kinapita,*
*hakiulizi huu ni wa nani.*

Mama Holo, ambaye hakuwa anajua kusoma, alitaka yasomwe kila Jumapili, na kila Jumapili alilalamika. "Mbona fupi? Ndiyo kwanza nakaa sawa, limekwisha." Mama Kinue akamjibu, "Zamani tulikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi mara moja tu, msimamizi asituone. Nikazoea." Mama Holo akasema hapa hakuna msimamizi, ongeza. Hakuongeza.

Kitu kimoja kilitutia hofu. Kila tulipokuja, kabla hajatumiminia chai, alimimina kikombe kimoja akakiweka dirishani, kuelekea jiwe. Hakuna aliyekinywa. Kikipoa anakimwaga nje, taratibu, kwenye ua la jirani. Tukiwa njiani kurudi tuliulizana.

"Anakunywa na nani?"

"Na jiwe."

"Usicheke, kile kikombe kina mwenyewe."

Mwenyewe aliitwa Tami. Alikuwa msichana wa mashine ya pili. Hayo alituambia Jumapili iliyofuata kuumia kwa Rehema, tulipokuja wote kumi na tisa tuliobaki bila Rehema, chumba kikajaa, wengine wamekaa mlangoni. Tulitaka kuandika barua kwa wakubwa wa kiwanda. Tulitaka glavu nzima, na mtu akiumia kazini atibiwe na akipona akute mahali pake. Kilichotuogopesha ni sahihi, maana kila mtu alijua wa kwanza kuandika ndiye wa kwanza kutoka. Mama Kinue alisikiliza, kisha akachukua kifuniko cha sufuria, akakilaza juu ya karatasi nyeupe, akazungusha kalamu. Akasema zamani sana, wakulima wa kwao walipowaandikia wakubwa kulalamikia kodi, waliandika majina hivyo, kuzunguka, kama vijiti vya mwavuli uliofunguliwa. Mkubwa akiigeuza karatasi hivi, huyu yuko juu. Akiigeuza vile, yule. Hawezi kujua mwanzo uko wapi. "Sisi kiwandani tulisahau hilo mara moja," akasema. "Tuliandika kutoka juu kwenda chini. Tami alikuwa juu." Hakusema Tami alifanywa nini, na hakuna aliyeuliza. Tukaandika, mmoja mmoja, karatasi ikizunguka mezani. Wasiojua kuandika walipaka wino wa kalamu kwenye dole gumba. Mama Holo alibonyeza lake mara mbili, akasema la kwanza halikutoka vizuri.

Sasa nifike nilipokosa. Barua ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wangu, na mimi nikaona haifai kupelekwa hivyo. Nilitaka ichapwe. Nilitaka wakubwa waone ni barua ya watu wanaojua barua ni nini. Jumatano, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda steshenari moja Mirongo, nikampa dada wa pale karatasi zote. Akachapa barua vizuri, akaweka na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Alipoliona duara akaligeuza, akaligeuza tena.

"Hii nayo ni nini?"

"Ni sahihi zetu."

"Dada, hapa hata majina hayasomeki. Mengine dole gumba tu. Nani mwenyekiti?"

"Hatuna mwenyekiti."

"Barua haiwezi kuzunguka, dada. Itarudishwa. Niwekee orodha, namba moja mpaka mwisho, hili duara tutalibana nyuma."

Simsingizii yule dada. Alikuwa anafanya kazi yake, na nia yake ilikuwa kunisaidia. Na mimi nilijua duara lilikuwa la nini. Nimeshindwa hata kujidanganya kwamba sikusikiliza, maana Jumapili ile nimeandika kwenye daftari neno kwa neno: *Tami alikuwa juu.* Lakini niliposimama pale mbele ya kompyuta niliona duara ni mambo ya zamani ya kwao, na orodha ndiyo mambo ya ofisini. Nikaanza kumtajia majina. Nianze na nani? Sikufikiri hata dakika. Ungewezaje kumweka mtu mzima chini ya wasichana? Mama Holo alikuwa mkubwa wetu, kwenye maji tunampisha, kwenye chakula ananawa wa kwanza. Nikasema, "Namba moja, Nkwimba Masanja." Mimi mwenyewe nilijiweka wa kumi na tisa, kwa adabu. Nimejiuliza miaka yote kama ilikuwa adabu peke yake. Sina jibu, na daftari halina.

Alhamisi wakati wa chai niliiacha bahasha kwenye meza ya Deo. Jumatatu asubuhi mlinzi wa lango alikuwa na kikaratasi chenye jina moja. Mama Holo hakuingia kazini, sisi kumi na wanane tukaingia. Yaliyotokea pale langoni sikuwahi kumsimulia mtu mpaka Jumamosi iliyopita, kwa hiyo nitayaweka hapo mbele, mahali pake. Wiki ile Deo alituita mmoja mmoja. Alikuwa anatazama chini. "Mnasema wote mmeandika. Sawa. Lakini orodha ina wa kwanza, na wakubwa wameshamwona." Na kwa haki yote ni lazima niandike pia kwamba barua ilifanya kazi. Kabla mwezi haujaisha glavu mpya zilikuja, nene, za bluu. Rehema alipopona kiganja akarudi mezani. Nilizivaa zile glavu. Zilikuwa na joto.

Jumapili ya wiki ileile tulikwenda kwa Mama Kinue, isipokuwa Mama Holo, aliyesema ana nguo za kufua. Hakukuwa na wali siku hiyo. Rehema alikuwa wa kwanza kusema, kiganja chake bado kimefungwa.

"Mama, si uliwaambia wenzangu kwenye duara hakuna wa kwanza? Deo anasema kuna orodha. Imetoka wapi orodha? Nani alipanga majina?"

Mama Kinue alinitazama. Nasema sekunde tatu, ingawa huenda ilikuwa moja. Nilikuwa na kikombe mkononi nikaitazama chai yake, na ndani ya chai kulikuwa na jani moja limesimama wima. Kisha nikamsikia akisema, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Ni mimi. Nilimwambia Kabula aandike hivyo. Nilikosea." Wakamgeukia. Maneno waliyomwambia sitayaandika yote, wengine bado wako hai na wameshayajutia. Mmoja alisema Wajapani wote ni wenye viwanda, wanatumana tu. Mwingine alisema mtu anayewanywesha chai wafu usimpe majina ya walio hai. Yeye alikaa amepiga magoti, mikono mapajani, akainama kila mmoja alipomaliza. Sikusema neno. Tulipotoka, wenzangu walinishika mkono, wakanipa pole kwa kutumiwa.

Nilirudi peke yangu siku ya pili baada ya kazi. Alikuwa anashusha karatasi kwenye kamba. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nitaondoka. Wewe utabaki nao mezani." Nikamwambia hiyo si haki. Akakubali kwamba si haki. Akaendelea kutoa vibanio, kisha akasema akiwa amenipa mgongo, "Kwa Tami, majina niliyapanga mimi. Walipouliza, nilinyamaza. Umri wangu ulikuwa kama wako. Nimekuwa nikimwekea chai tangu hapo, na yeye hajawahi kunijibu." Akanigeukia. "Usiweke chai, Kabula. Sema. Kwa mtu ambaye bado anaweza kukujibu." Kabla mwezi haujaisha akaondoka Mwanza. Kwenye stendi nilimsindikiza mimi tu.

Mtu ambaye angeweza kunijibu alikuwepo, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mama Holo hakupata tena kazi kwenye kiwanda chochote cha ufukweni. Jina lake lilikuwa limeshafika kila lango. Akawa anakaanga mapanki pale nje, mapanki yaliyotoka kwenye visu vyetu. Baada ya miaka miwili sukari ikamwingia mguuni. Sitasema kufukuzwa ndiko kulikomuua, maana daktari alisema sukari ilikuwa ya muda mrefu. Nilimuuguza. Nilimwogesha, nilimfunga kidonda, nilimsomea yale mashairi mafupi akilalamika vilevile. Alikuwa akiniita mdogo wangu, na ndiyo maana Holo ananiita mama mdogo. Kila siku niliyomwogesha nilikwenda na sentensi yangu tayari mdomoni, na kila siku nilirudi nayo. Nilijiambia anaumwa, nisimwongezee. Halafu akafa, na nikajiambia Holo ni mtoto, nisimwongezee. Siku hizi nikiamka huwa naona kama mtu amekaa kwenye kiti cha jikoni amevua viatu. Simwogopi. Ila hanitazami.

Jumamosi tulifika saba. Holo ana nyumba yake mwenyewe sasa, hapohapo Mkuyuni, ana duka la vitenge na wafanyakazi wawili ambao nimewaona wameketi kwenye viti vyenye mito. Alikuwa ametupikia michembe kwa karanga na chai ya maziwa. Wamama walicheka wakikumbuka meza iliyokatwa miguu. Rehema, ambaye sasa ni bibi, alionyesha kovu la kiganja, akasema, "Yule bibi tulimkosea adabu, lakini na yeye alitukosea." Wengine wakaitikia. Nikaombwa nisome. Nikasimama, nikasoma mashairi mawili. Nilipomaliza hawakujua kama nimemaliza, wakasubiri, kwa hiyo nikasema ndani ya kule kusubiri kwao.

"Mama Kinue hakupanga orodha. Nilipanga mimi, Mirongo, steshenari. Yeye hakuwa anajua mpaka siku ile mlipomuuliza. Alisema ni yeye, nikanyamaza."

Rehema aliweka kikombe chini. "Kabula," akasema, "leo ndiyo unasema? Nilimtukana yule mama, ukanisikiliza?" Nikamwambia ndiyo, nilikusikiliza. Holo akainuka, akakusanya sahani, hata zile ambazo hazijaisha, akaenda jikoni. Nikamfuata. Nilijua huenda ningebaki mlangoni bila kuitwa ndani, lakini nilimfuata.

Alikuwa anaosha sahani iliyokuwa safi. "Nani alikuambia uanze na mama?"

"Hakuna. Alikuwa mkubwa wetu."

"Ulimheshimu."

"Ndiyo. Na labda nilijificha."

Akafunga bomba. "Unajua, miaka yote hii nilikuwa na mtu wa kumchukia, yuko mbali huko, simwoni, hanioni. Ilikuwa inanisaidia. Sasa umekuja kunipa wewe. Wewe uliyemfunga mama kidonda. Nikuweke wapi?"

Kisha akaniuliza kama kuna kingine. Nikasema kuna cha langoni, ambacho hakuna anayekitaja hata tukikutana misibani. Akasema, sema.

Nikamwambia. Tulikuwa kwenye mstari, Jumatatu, jua ndiyo kwanza linatoka upande wa milimani. Mlinzi akasoma jina, akasema huyu arudi, na gambuti za kiwanda aziache hapa. Gambuti tulikuwa tunakwenda nazo nyumbani tusiibiwe, na mama yako alikuja amezivaa, hakuwa na kiatu kingine. Akageuka akatutazama. Hakutazama mmoja, alipita uso kwa uso, wote kumi na wanane, kama anayetafuta mtu aliyepotea kwenye umati. Alisubiri. Angesema mmoja tu kwamba tuliandika wote, wangelazimika kututoa wote, na samaki wa siku ile wangeoza. Hakuna aliyesema. Nilikuwa nyuma yake. Akataka kuvua, lakini gambuti zikilowa hazitoki kirahisi ukiwa umesimama, akayumba, akanishika bega. Akavua ya kulia, akavua ya kushoto, akaziweka sawasawa pembeni ya lango, pua zikitazama ndani. Akaenda peku, juu ya kokoto za pale langoni.

"Na wewe ulifanya nini?" Holo akauliza.

"Nilisimama imara asianguke."

Sebuleni tulisikia Rehema akisema kitu kwa sauti ya chini na mtu akimjibu. Holo alikausha mikono kwa khanga yake, kidole kimoja baada ya kingine.

"Alikuwa mzito?"

Nilitamani kumwambia alikuwa mwepesi. Ni jibu ambalo mtoto angependa kuwa nalo, na lingenipendeza na mimi. Lakini nililifungua daftari Ijumaa, siku moja kabla, nikatafuta Jumatatu ile, na nilichokiandika ni kwamba samaki walikuwa wengi, basi. Nikamwambia Holo sikumbuki. Nakumbuka mkono wake begani ulikuwa wa baridi, tayari, kabla hatujaingia ndani.